Kwenda Ng'ambo na Mzigo wa Nyumbani

Wahenga walisema tembea uone. Maneno haya ni mepesi kinywani mwa mtu asiyetegemewa na yeyote. Lakini kwa kijana aliye nguzo ya nyumba, safari ya kwenda ng'ambo, hata kama ameiota tangu utotoni, huja na uzito wake. Barua ya kumwita iko mkononi, furaha iko usoni, lakini miguu ni mizito. Majirani husema anaogopa baridi ya Ulaya. Aghalabu si baridi anayoiogopa.

Tuchukue mfano wa Kimali, kata iliyomo wilayani Meatu, mkoani Simiyu. Hiyo ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mvua huanza kutazamiwa kama mwezi wa Novemba, na hapo ndipo mbegu ya pamba inapotiwa ardhini. Kuvuna huja mwaka wa pili, mvua zikiisha. Vyuo vingi vya Ulaya navyo hufungua milango Septemba au Oktoba, yaani wakati ule ule mashamba yanapotayarishwa. Kwa hiyo kijana wa huko anayepata nafasi ya kusoma ng'ambo huitwa na darasa na jembe kwa sauti moja. Nani atalima mahali pake? Nani atamnunulia mdogo wake sare na madaftari? Mama akiugua usiku wa manane, nani atatafuta gari la kumfikisha hospitali? Haya si maswali ya mwoga. Ni maswali ya mtu aliyelelewa akaleleka.

Wala si maswali mageni katika nchi yetu. Yalimkabili hata hayati Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, katika mkoa wa Mara unaopakana na Simiyu upande wa kaskazini. Baba yake, Nyerere Burito, aliyekuwa mtemi wa Wazanaki, alifariki mwaka 1942. Kijana Julius alisoma Makerere, Uganda, kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, kisha akawa mwalimu katika shule ya St. Mary's, Tabora. Kama ilivyo kwa wafanyakazi wengi wanaosoma ukurasa huu, mshahara wake haukuwa wake peke yake. Nyumbani alikuwapo mama yake, Mugaya, na walikuwapo ndugu zake waliomtazamia.

Hata hivyo kiu yake ya elimu haikuisha. Mnamo Januari 1948 alifaulu mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London. Aliomba msaada wa masomo kutoka katika fungu la serikali ya kikoloni. Mara ya kwanza akanyimwa, mara ya pili, mwaka 1949, akakubaliwa. Padri Richard Walsh, mkuu wa shule yake, alikuwa miongoni mwa waliomhimiza. Mtu angedhani kwamba aliyebisha hodi mara mbili angeingia mbio mlango ulipofunguliwa. Haikuwa hivyo. Mwalimu alikubali kwenda, lakini hakuficha kusita kwake, na sababu aliyoitoa ilikuwa moja: akiwa masomoni hataweza tena kumtunza mama yake na ndugu zake.

Tuitafakari sababu hiyo, maana kuna wanaodhani kuwa kijana anayefikiri habari za nyumbani kwao hana hamu ya maendeleo. Huyu aliyesita alikuwa na akili ya kutosha kushinda mitihani na subira ya kutosha kuomba mara mbili. Alichokosa kilikuwa jibu juu ya chakula cha wengine.

Aprili 1949 alipanda ndege Dar es Salaam mpaka Southampton, Uingereza. Kisha kutoka London akachukua gari moshi kwenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskochi. Alianza kwa masomo mafupi ya kemia na fizikia, lakini Oktoba mwaka huo aliingia katika kitivo cha sanaa. Huko alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, sheria za katiba, falsafa ya maadili, na elimu ya jamii na mila za watu. Yule aliyekwenda kwa kusita hakusoma kwa kusita. Wengi huenda ng'ambo kwa miguu tu, mawazo wakiyaacha nyuma, nao hurudi bila la huku wala la kule. Mwalimu, baada ya kukata shauri, aliishika safari yake kwa mikono miwili.

Mwaka 1952 alipata shahada yake, na mwezi wa Oktoba akarudi kwa meli. Kutoka Dar es Salaam alisafiri kwa gari moshi hadi Mwanza, akavuka ziwa kwa meli mpaka Musoma, akaenda kwao Uzanaki. Kazi mojawapo aliyoifanya huko ilikuwa kujenga nyumba ya matofali ya udongo kwa ajili yake na mchumba wake, Maria, waliyefunga naye ndoa Januari 1953. Karibu miaka kumi baada ya kurudi, mnamo Aprili 1962, alitoa kijitabu chake juu ya Ujamaa, ambamo msingi wa fikra zake ni familia ya Kiafrika, na jamii nzima kama familia iliyopanuka. Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Tazama basi: jamaa zile zile zilizomfanya asite mwaka 1949 ndizo zilizompa neno la kuwaeleza Watanzania, na elimu ya Edinburgh ikageuzwa kuwa maneno ya Kiswahili.

Hapa ndipo lilipo somo kwa kila jamaa. Kijana wako akisita, usimcheke, wala usimshike mkono umrudishe. Kaeni kikao. Yeye aeleze bila kuficha safari ni ya miaka mingapi, gharama inalipwa na nani, na kama kuna deni atakalorudi nalo. Ndugu nao wagawane mzigo kwa majina: huyu ataangalia shamba, huyu ataangalia mifugo, huyu ataangalia dawa za mama. Na ikiwa aliyeitwa ni msichana, kikao kiwe kile kile, wala asiambiwe kuwa posa itampita.

Neno la mwisho ni lako wewe ndugu mfanyakazi unayeishi Mwanza au Dar es Salaam. Wewe uliwahi kuondoka, na mtu mwingine alishika jembe uliloliacha. Leo zamu ni yako. Fedha kidogo unayotuma kila mwezi bila kukosa inaweza kuwa nauli kubwa kuliko tikiti ya ndege, kwa maana ndiyo inayomwondolea mdogo wako wasiwasi akaweza kukaa darasani akasoma.

Na wewe kijana unayekwenda, usijifanye kuwa huna kwenu ili safari iwe nyepesi. Mabaharia wa pwani husema, mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Yaani, hata utembee mwisho wa nyuma na mwisho wa mbele wa chombo, utarudi katikati kilipo kikao chako. Nenda ukasome kwa moyo wote. Andika nyumbani hata usipokuwa na cha kutuma, na siku ya kurudi uwe umeipanga kabla hujafunga sanduku.