MAARIFA YA NYUMBANI: Pima Waya wa Simu Kabla ya Kununua Kasi

Yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba intaneti iliyo na mwendo wa kinyonga nyumbani si lazima iwe intaneti iliyo ndogo. Aghalabu ni intaneti ya kutosha inayopotea njiani, kama maji yanavyopotea katika bomba lenye viungio vibovu. Mwenye nyumba asiyelijua jambo hili hukimbilia kulipia kasi kubwa zaidi, na mwisho wa mwezi hujikuta amepunguza fedha za chakula bila ya kukipata alichokitafuta.

Huko Kabonga, kusini mwa mwambao wa Burundi karibu na mpaka wa Tanzania, tatizo hili hufika kwa njia ya mzunguko. Familia nyingi za wavuvi na za wakulima wa michikichi katika mwambao huo, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, hupata intaneti kwa simu ya mkononi, si kwa waya. Walakini jamaa zao wanaosoma au kufanya kazi Bujumbura, Kigoma au Dar es Salaam, baadhi yao hukaa katika nyumba zenye waya wa simu. Mazungumzo yana ncha mbili, na ncha iliyo dhaifu ndiyo inayoamua. Mama aliyeko Kabonga husema, "Mwanangu, sauti yako inakatika." Kijana hujibu, "Labda ni mnara wa huko, mama." Kumbe mnara hauna kosa lolote, kosa liko nyuma ya kabati, katika nyumba aliyopanga kijana.

Kwa familia za askari jambo hili lina uzito wake. Tangu Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walihudumu Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika kwa miaka mingi, na polisi nao huhamishwa kutoka kituo hadi kituo. Baba au mama aliye kazini mbali hupewa dakika chache za kuzungumza na watoto wake. Dakika hizo zikipotea kwa "haloo, haloo", hazirudi tena.

Waya wa simu ni jozi ya nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, na asili yake ulitengenezwa kubeba sauti tu. Sauti hutumia sehemu ndogo ya chini ya waya, isiyozidi kilohezi 4. Mafundi waligundua kwamba sehemu ya juu, kuanzia kilohezi 25 hivi na kuendelea, ilikuwa haitumiki, wakaipitishia intaneti. Mtindo huo huitwa ADSL. Katika mtindo wake ulioboreshwa, waya mmoja waweza kuleta hadi megabiti 24 kwa sekunde, ikiwa nyumba iko karibu sana na kituo cha simu. Kadiri nyumba inavyokuwa mbali, ndivyo shaba inavyozidi kula nguvu za mawimbi. Nyumba iliyo kilomita 5 kutoka kituoni hubahatika ikipata megabiti 1 au 2. Umbali huo hauondolewi kwa kununua modemu ya bei kubwa wala kwa kulipia daraja la juu.

Hapa pana hesabu ndogo inayowapoteza wengi. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Mwenye kulipia megabiti 8 akiona faili lake linashuka kwa megabaiti 1 kwa sekunde, hakudhulumiwa. Amepata haki yake kamili.

Basi jambo la kwanza ni kupima. Kompyuta iunganishwe na modemu kwa waya, si kwa hewa, na vifaa vingine vyote vizimwe. Kasi ipimwe asubuhi mapema, mchana na saa mbili usiku, kwa muda wa siku tatu, na majibu yaandikwe katika daftari. Kisha modemu ihamishiwe kwenye tundu la kwanza la simu, yaani lile ambalo waya wa nje huingilia, na vipimo virudiwe. Daftari hilo litasema lenyewe kosa liko wapi.

Ikiwa kasi ni nzuri kwenye tundu la kwanza na mbaya chumbani, kosa ni la nyaya za ndani ya nyumba. Nyaya za kuongeza urefu, hasa zile bapa zisizosokotwa, hunasa kelele za redio, za taa na za mashine. Viungio vilivyofungwa kwa mkono na kuzungushiwa plastiki huingiwa na unyevu, na katika miji iliyo kando ya ziwa au bahari shaba huota kutu ya kijani upesi. Dawa yake ni kuiacha modemu palepale kwenye tundu la kwanza, kwa waya mfupi, na kuziondoa nyaya zisizotumika.

Kadhalika kila simu ya mezani iliyo katika waya huo, na hata mashine ya faksi, yapasa iwekewe kichujio chake. Kichujio ni kijisanduku kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti. Simu moja tu isiyo na kichujio yatosha kuifanya intaneti ikatike kila inapolia. Na ipo njia ya kujaribu waya isiyohitaji utaalamu: inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio unyamaze, kisha sikiliza. Ukisikia mkwaruzo kama wa mahindi yanayokaangwa, yaelekea pana kiungio kibovu.

Ikiwa kasi ni nzuri kwa waya lakini mbaya kwa hewa, shaba haina lawama. Modemu iliyofichwa kabatini, iliyowekwa sakafuni au nyuma ya jokofu haiwezi kusambaza mawimbi vema. Kuta nene za matofali, mabati na matangi ya maji huyazuia. Iwekwe mahali pa wazi, juu kidogo, katikati ya nyumba. Katika kota za askari, ambako nyumba zimebanana, modemu nyingi huzungumza kwa wakati mmoja katika njia ileile ya hewa. Ufundi wa kawaida ni kuchagua njia namba 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Neno la siri nalo liwe gumu, likabadilishwe likishajulikana na mtaa mzima. Jirani kumi wakinywa kisima kimoja, mwenye kisima hulala na kiu.

Lipo kosa jingine ambalo halimo katika waya wala hewani, na ndilo linalokata sauti za wapendwa kuliko yote. Herufi ya kwanza ya ADSL inaeleza kwamba njia mbili za waya huo hazilingani. Njia ya kuleta ni pana, na njia ya kupeleka ni nyembamba mno, aghalabu haivuki megabiti 1. Mazungumzo ya sauti huhitaji kiasi cha kilobiti 100 tu kwa sekunde au hata pungufu, kwa hiyo yangepita bila shida. Lakini simu za siku hizi hupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mbali zenyewe, bila ya kumwuliza mwenyewe. Kijana akirudi kutoka arusini na picha mia mbili, simu yake huijaza njia nyembamba usiku kucha. Yeye humsikia mama yake vizuri, maana njia ya kuleta i wazi. Mama ndiye asiyemsikia. Hifadhi hiyo ya picha ipangwe kufanya kazi usiku wa manane, au izimwe kabla ya saa ya mazungumzo. Tendo hili halina gharama hata ya faranga moja.

Ikiwa kasi ni nzuri alfajiri na mbaya kila usiku hata kwenye tundu la kwanza, yaelekea njia ya kampuni imejaa watu. Ikiwa ni mbaya saa zote, waya wa nje ufanyiwe uchunguzi. Hapo mteja asipande nguzo wala asifungue kisanduku cha barabarani, kwa sababu hivyo si mali yake. Aende na daftari lake. Fundi aliyeonyeshwa vipimo vya siku tatu hana jinsi ya kujibu kwamba hali ni ya kawaida. Wizi wa nyaya za shaba nao, ambao polisi wa Tanzania wameupiga vita kwa miaka mingi, huacha nyuma yake viungio vipya kila mahali, na kila kiungio kibaya ni mahali pa kupotezea kasi.

Yapo pia matatizo yanayotoka mbali zaidi. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na ule wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili iliharibika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Siku kama hiyo subira ndiyo dawa. Asiyejua hubomoa nyaya zake zilizo nzima.

Wakati wa radi, modemu ichomolewe katika umeme na katika waya wa simu pia. Watu wengi huchomoa umeme peke yake, na radi hupita kwenye shaba.

Ni kweli kwamba zama za shaba zinakwisha, na nyuzi za kioo zinapelekwa majumbani mijini. Nyuzi hizo haziliwi na kutu wala hazipungukiwi kwa kilomita chache. Zikifika mtaani, mwenye uwezo na azichukue. Lakini modemu iliyofichwa kabatini na picha zinazojipeleka zenyewe zitamfuata hata huko. Kwa hiyo, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kusaini mkataba mpya, kila mwenye nyumba atenge siku tatu, daftari moja na kalamu, aanzie kwenye tundu la kwanza.