Ubatizo wa tatu wa nini, jamani?

Haya wapendwa, test zimeisha, boom bado halijaingia, na mada iliyoteka vimbweta wiki hii sio mpira wala siasa. Ni maji. Nani kabatizwa sawasawa, na nani ni mpagani mwenye cheti cha ubatizo. Mimi nasoma ualimu, teolojia sijui hata darasa lake liko wapi, lakini masikio ninayo na Biblia ninayo. Kwa hiyo nasema langu, atakayekasirika tutaonana kwenye foleni ya wali maharage.

Langu ni hili: kumpeleka mtu kwenye maji mara ya tatu kwa sababu umemshinda kwa maneno usiku wa manane, huko si kumwokoa. Huko ni kumtisha.

Kuna dada mmoja hapa hosteli, jina namwachia mwenyewe. Alibatizwa akiwa kichanga, maji ya kichwani. Mwaka wa kwanza akaambiwa ule haukuwa ubatizo, akazamishwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Akafurahi kweli, na mimi nilimpongeza. Sasa mwaka huu amekutana na kundi jingine linalomwambia kwamba hata ule wa pili ni kazi bure kwa sababu haukufanyika kwa jina la Yesu, na akifa leo amepotea. Halali usiku. UE inakuja, yeye analia na Biblia mkononi. Wenzake wawili waliokuwa wanasali naye chumbani siku hizi hata salamu hakuna. Hapo nikaona hizi si stori za kupitisha muda tena.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa ni kwamba tunachanganya maswali matatu tofauti: maji kiasi gani, umri gani, na jina gani. Mtu akishinda swali moja anajiona ameshinda yote.

Tuanze na kiasi cha maji. Watu wa maji mengi wana hoja nzito: neno la Kigiriki lililotupa neno "batiza" maana yake ya kawaida ni kuchovya, kuzamisha. Sikatai. Lakini neno hilohilo limetumika Luka 11:38 kwa habari ya kunawa kabla ya kula, na sidhani kama yule Farisayo alitaka Yesu azame kabla ya chakula. Halafu kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo kabisa kinaitwa Didake. Kinasema tumia maji yanayotiririka, usipoyapata tumia mengine, na ukikosa yote mawili mimina kichwani mara tatu. Yaani wazee wale walipenda mto, ila mto ukikosekana hawakumwacha mtu bila ubatizo.

Na msidhani maji mengi ni ya watu wazima na maji machache ni ya watoto. Waorthodoksi, ambao wako hata Bukoba na Mwanza, wanabatiza watoto wachanga kwa kuwazamisha mara tatu. Wamennonite, waliofika Shirati kule Mara mwaka 1934, wanabatiza wanaokiri imani wenyewe, lakini kihistoria wengi wao duniani wamefanya hivyo kwa kumiminia. Umeona? Ni maswali mawili, sio moja. Na la kiasi cha maji, mimi siwezi kuuza urafiki kwa ajili yake.

La umri ni zito zaidi, naliheshimu. Wanaobatiza watoto wanataja nyumba nzima zilizobatizwa katika Matendo, pamoja na agano la Mungu na familia. Wanaokataa wanauliza: kichanga ameamini lini? Tertullian wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini, tayari miaka ya 200 hivi alikuwa anashauri watoto wasubiri kwanza. Na kuna watu walilipa kwa damu. Januari 1525 kule Zurich kikundi kidogo kilibatizana upya kwa kuwa hawakuutambua ubatizo wa utotoni. Miaka miwili baadaye Felix Manz, mmoja wao, akazamishwa mtoni Limmat mpaka akafa. Na waliomwua walikuwa Wakristo wenzake! Walimfanyia dhihaka kwa maji yaleyale. Kila nikisikia mtu hapa chuoni anacheka ubatizo wa mwenzake namkumbuka Manz.

Halafu tuwe wa haki. Wale hawasemi wanarudia ubatizo. Wanasema wa kwanza haukuwa ubatizo. Huwezi kukubaliana nao, lakini usiwasingizie.

Sasa la jina. Hapa ndipo maji yanapokutana na Utatu, na hapa sio pa kuchekacheka. Mathayo 28:19 inataja Baba, Mwana na Roho. Matendo 2:38 inataja jina la Yesu Kristo, na ukienda sura ya 8, ya 10 na ya 19 unakuta hivyohivyo. Mwaka 1913, kwenye mkutano wa Wapentekoste karibu na Los Angeles, mhubiri mmoja alisema mitume walibatiza kwa jina la Yesu. Moto ukawaka. Mwaka uliofuata watu wakaanza kubatizana upya, na mafundisho yakasogea: Mungu ni mmoja, hakuna nafsi tatu, na Yesu ndilo jina lake. Mwaka 1916 Assemblies of God wakakutana St. Louis, wakasimamia Utatu, na wachungaji zaidi ya mia moja wakaondoka. Kwa hiyo ndugu zangu, hilo mnaloliita "ufunuo mpya wa chuoni" lina zaidi ya miaka 100.

Lakini na sisi wa Utatu tuache uvivu. Nasikia mtu anawaita hawa wenzetu "wafuasi wa Ario". Hapana bwana! Ario wa Aleksandria alisema Mwana aliumbwa, na Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ukamkataa. Hawa wa "Jina la Yesu" wako upande mwingine kabisa, wanasema Yesu ni Mungu mwenyewe kamili. Ukitaka kuwafananisha na mtu wa kale, mtafute Sabelio. Huwezi kumjibu mtu usiyejua anasema nini, hata kwenye mtihani utapata sifuri.

Kingine, acheni kutegemea ile 1 Yohana 5:7-8 ya watatu mbinguni. Maneno yale hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Erasmus aliyaacha katika chapa yake ya mwaka 1516, akayaingiza 1522 baada ya kelele. Utatu haukusimama juu ya mstari ule. Mimi ninauamini kwa sababu ya Yordani: Mwana yuko majini, sauti inatoka mbinguni, Roho anashuka kama hua. Naona shida kusema huyo ni mmoja anayebadilisha sura. Wenzetu wanajibu kwamba Mungu anaweza kujidhihirisha kwa namna nyingi kwa wakati mmoja. Sawa, ni jibu. Mimi halijanitosha, ila siwezi kumwambia aliyelitoa kwamba hana akili.

Sasa yule dada afanyeje? Hili nalo si geni, na lilipiganiwa hapahapa Afrika. Mwaka 256 maaskofu walikutana Karthago, Tunisia ya leo, chini ya Cyprian. Wakasema aliyebatizwa na kundi lililojitenga abatizwe upya. Stefano, askofu wa Roma, akakataa, awekewe mikono tu. Mwaka 314 kule Arles ikaamuliwa: aulizwe alibatizwa vipi, kama ni kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono, basi. Baadaye Augustino wa Hipo, Algeria ya leo, akaeleza kwamba ubatizo ni wa Kristo, sio mali ya anayeuendesha.

Mimi nasimama hapo. Kama ubatizo ni wa Kristo, basi hakuna kikundi cha maombi chenye ufunguo wa bomba. Paulo mwenyewe, 1 Wakorintho 1, alifurahi kwamba aliobatiza kwa mkono wake ni wachache, asije mtu akasema amebatizwa kwa jina lake. Leo tunahesabu vichwa kama kampeni za serikali ya wanafunzi.

Ushauri wangu kwa dada na kwa wengine wa aina yake. Usiingie majini kwa hofu, wala usiku mmoja baada ya mjadala. Soma hayo maandiko yote, sio ya upande mmoja. Ongea na mchungaji au padri wako wa nyumbani kabla hujamwona wa kigeni. Anayekuambia "ukingoja mpaka UE iishe umepotea" muulize kwa nini Mungu anaharaka kuliko mwanafunzi wa field anayesubiri posho. Na kama baada ya kusoma dhamiri yako inakupeleka kule, nenda kwa amani, na sisi tutaendelea kukusalimia.

Tunaosoma ualimu tufikirie na hili. Muda si mrefu tutapangiwa shule, tutakuta bwenini mtoto wa kidato cha kwanza ana miaka 13 au 14, mbali na mama yake. Naye atauliza: mwalimu, ubatizo wangu ni halali? Ukimjibu kama mnavyojibizana kwenye vimbweta, mtoto huyo hatalala. Kajifunzeni kujibu sasa.

Haya, mawe yenu nayasubiri. Ila mje na andiko, msije na matusi.