Mastaa Wetu Wakubwa na Yoga Ngumu: Umri Sawa, Haraka ya Nini?

Wadau, wiki hii mitandao imechafuka. Mwigizaji wetu mmoja wa siku nyingi, jina naliacha maana mnamjua, keshavuka hamsini, kaposti klipu kasimama kwa kichwa, miguu juu imenyooka kama nguzo ya umeme. Komenti zikagawanyika. Wapo wa "bibi tulia, utavunjika shingo", na wapo wa "hakuna kuzeeka, kesho na mimi naanza!"

Mimi siko upande wowote hapo. Na hao wa kesho ndo wananitisha zaidi.

Tuanze na wa "bibi tulia". Nani kasema yoga ngumu ni ya vijana tu? Charlotte Chopin, mama wa Kifaransa, alianza yoga akiwa na miaka 50. Akawa mwalimu, na mwaka 2024 serikali ya India ikampa tuzo ya Padma Shri, umri umeshapita miaka 100. B.K.S. Iyengar wa India, aliyezaliwa 1918 na kufariki 2014, aliendelea na mazoezi mpaka uzeeni. Na huyo ndiye aliyeeneza mtindo wa kutumia viti, mikanda, kamba na matofali ya mbao ili mwili usilazimishwe. Gwiji mzima anafundisha watu kuegemea kiti, wewe unaona aibu?

Sasa nyie wa "kesho naanza". Klipu ni sekunde chache. Miezi na miaka ya kuegemea ukuta haimo. Mwili wa miaka 55 unafundishika vizuri tu, ila una masharti yake. Misuli imepungua, viungo vimekaza, na ukiumia unachelewa kupona. Kwa wanawake, hedhi ikishakoma mifupa inapoteza uimara kwa kasi. Mwenye mifupa dhaifu akijikunja kwa nguvu kushika vidole vya miguu, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Mwenye presha ya macho akisimama kwa kichwa, presha ndani ya jicho inapanda. Na presha ya damu nayo mtu anaweza kuwa nayo miaka bila kujua.

Hapa kwetu Kiomboi utasikia, "Wamama wa Iramba yoga ya nini, jembe linatosha." Kuna ukweli kidogo. Mama aliyezoea kuchuchumaa na kukaa mkekani, nyonga zake zinaweza kumshinda bosi wa Dar anayetoka kwenye kiti cha ofisi anaingia kwenye kiti cha gari. Lakini jembe la alizeti linakukunja kwenda mbele tu. Kifua hakifunguki, na kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba hujifunzi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke ovyo. Kwa hiyo mazoezi wanayahitaji.

Shida ni sisi vijana. Tunaona klipu, tunamrushia mama WhatsApp, "mama jaribu na hii 😂". Mama yuko peke yake nyumbani, sakafu ya saruji, hana mwalimu. Akidondoka akavunjika nyonga, zile laiki hazimuuguzi. Atakayefunga biashara kwenda kukaa naye wodini ni wewe au dada yako.

Ukitaka kumrushia kitu, mrushie hiki. Kwanza akapime presha, na kama macho yanamsumbua au aliwahi kuvunjika mfupa, amwambie daktari kabla ya kuanza. Halafu asimame kwa mguu mmoja huku kashika ukuta. Msamba unaanza na goti moja chini na mito chini ya paja, anashuka kidogo wiki hadi wiki. Misuli ya paja kuvutika ni kawaida. Maumivu makali ya goti au shingo, ganzi mikononi, kizunguzungu: anaacha hapohapo. Pumzi ikianza kukatika, keshazidisha.

Kusimama kwa kichwa kuwe mwisho kabisa, na mwalimu awe pembeni. Mikono na mabega ndiyo yanatakiwa kubeba uzito. Yakiwa hayana nguvu, mzigo wote unaenda shingoni. Na asipofika huko milele hajapungukiwa kitu. Mama wa miaka 60 anayenyanyuka kutoka chini bila kushika kiti keshafanya kubwa kuliko picha.

Mastaa wetu wakubwa, shikamooni. Mnatupa moyo, hilo sikatai. Ila mna wafuasi rika la mama zetu wanaowaiga kila kitu, kuanzia kitenge hadi nywele. Tuposticheni na ukuta, mito, na siku mlizoshindwa. Klipu haitakuwa kali sana, ila kuna mama mahali hatavunjika.

Mdau, mama yako ungemruhusu ajaribu? Dondosha komenti hapo chini, ila matusi kwa wazazi sitaki.