Levodopa kwanza, sumaku baadaye

Watafiti duniani wanajaribu kuuchangamsha ubongo wa wagonjwa wa Parkinson kwa sumaku au umeme hafifu, bila upasuaji, ili kuzuia fikra na kumbukumbu zisizorote. Matokeo bado yanapishana. Huku mkoani Simiyu tuna deni la karibu zaidi: kuwatambua wagonjwa na kuwapa dawa. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Bariadi nako, mzee anayehangaika na vifungo vya shati na kuwachanganya wajukuu majina huambiwa ni uzee tu, au karogwa. Na Kanda ya Ziwa hii, ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, maneno ya uchawi si mzaha. Wizara ya Afya ihakikishe levodopa, dawa ya Parkinson, haikosekani hospitali za wilaya, na matabibu wa zahanati wafundishwe kumtambua mgonjwa na kumpa rufaa mapema, hadi Hospitali ya Bugando ikibidi.