Gereji Nayo ni Chuo

Pitia gereji za kando ya barabara mjini Kitale, au Bungoma ambako malori ya Malaba hupita usiku na mchana. Utawaona vijana wamelala chini ya magari, nguo zimejaa grisi. Wengi wetu huwaita vibarua. Mimi nasema hao ni wanafunzi.

Mwanagenzi huanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumpa fundi spana. Akileta namba siyo, hukemewa. Baadaye hufungua magurudumu, kisha breki, kisha klachi. Injini huja mwisho, maana kosa la pale ni hasara kwa mwenye gari. Kitale, nchi ya mahindi, kuna trekta pia, na msimu wa kulima haumngoji mtu. Hata sikio lake hufundishwa, mpaka aijue vali iliyolegea kwa mlio wake tu.

Sisi wa pwani tuliosomea chuoni twaijua njia hii. Mtoto huketi mbele ya mwalimu, akasikia, akarudia. Aendeleaye na elimu, mwalimu akiridhika naye, humpa ijaza ya kusomesha wengine. Fundi wa gereji hana ijaza ya kutoa. Kijana wake hutoka na ujuzi, lakini mikono mitupu. Na kampuni ikitafuta fundi, huuliza karatasi kwanza.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1966 Baraza la Wakristo wa Kenya liliuliza vijana wakimaliza shule waende wapi, na vyuo vya ufundi vya vijijini vikazaliwa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likaeleza kwamba kazi hizi ndogondogo za Kenya zina tija na faida. Leo aliyejifunzia kazini aweza kufanya mtihani wa serikali wa ufundi, daraja la tatu hadi la kwanza, chini ya mamlaka ya NITA. Na mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi wa mtu popote alipoupata.

Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Mtahini humwona kijana kwa muda mfupi. Fundi amemwona kwa miaka, na amejua kama huiba skrubu au hurudia kukaza nati pasipo kuambiwa. Basi ushahidi wa fundi nao uandikwe, uhesabiwe pamoja na mtihani. Tukiendelea kumpuuza mwalimu huyu, tutazidi kuwaacha nje ya lango wale wale tunaowakabidhi breki za magari yetu.