Mtoto wa Chura na Shingo ya Mama



Kipindi cha mvua watoto wetu wanachezea viluwiluwi, wale watoto wa chura wenye mkia. Tunawahesabu kuwa kitu bure. Lakini munajua kama wataalamu wanawatumia kupima sumu?

Sababu ni hii. Mbele ya koo la mtu kuko tezi ndogo, jina lake tiroidi. Inachukua iodi kutoka chakula na kutengeneza homoni ya kukuza mwili na akili. Kiluwiluwi naye ana tezi ile. Mwaka wa 1912, Gudernatsch alilisha viluwiluwi tiroidi ya farasi: wakageuka vyura upesi, wangali wadogo sana. Kiisha wengine waliona kwamba kiluwiluwi aliyetolewa tezi anabaki na mkia, hageuki.

Basi, tangu mwaka wa 2009 shirika la OECD liko na kipimo chake. Viluwiluwi wanawekwa siku 21 ndani ya maji yenye kemikali, na wengine ndani ya maji safi. Wanapima miguu ya nyuma, wanachunguza tezi. Wakichelewa kugeuka, kemikali ile inatiliwa mashaka. Pakloreti, inayotumiwa katika baruti fulani, ilijaribiwa hivyo: inazuia iodi kuingia ndani ya tezi.

Mutasema: sisi tunahusika namna gani? Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri unaleta mwilini tayosianati, nayo inazuia iodi vilevile. Kule Idjwi, katika ziwa letu la Kivu, Delange na Ermans waliandika mwaka wa 1971 juu ya jambo hilo. Pande mbili za kisiwa zilikosa iodi, lakini goita, ule uvimbe wa shingo, ilijaa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Walionyesha kwamba muhogo ulikuwa na sehemu yake.

Kiluwiluwi akikosa homoni, mkia unamsema. Mtoto wa mtu hana mkia. Miezi ya kwanza tumboni anategemea homoni ya mama yake. Ikipunguka sana, akili inaweza kubaki nyuma, nasi tunakuja kuona akiisha kufika masomoni. Wakati ule hatuwezi tena kurudisha kilichopotea.

Kwa hiyo, mama mwenye mimba asikose chumvi yenye iodi. Ifungeni vizuri, mbali na jua na unyevu, muitie chakula kikikaribia kuiva. Muhogo mchungu uloweshwe siku 3 ao 4, ukaushwe vizuri. Msiuharakishe sababu soko la machimbo linangojea unga. Shingo ikivimba, nendeni kituo cha afya.

Na ninyi baba, mukirudi na pesa ya mchanga, ulizeni kwanza: chumvi ya nyumbani iko na iodi?