Kompyuta ya zamani isitupwe, iwekewe mfumo wa pili

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za ofisi ndogo, shule na nyumba zetu zikabaki njia panda. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka, kwa jumla, kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta mpakato ya mwaka 2014, aina ya zile zinazoletwa kwetu zikiwa zimeshatumika Ulaya na nchi za Ghuba, haitimizi masharti hayo hata kama skrini, kibodi na diski yake ni nzima kabisa. Ushauri unaotolewa madukani ni kununua nyingine. Mimi nasema mashine hiyo iwekewe mfumo endeshi wa Linux ubavuni mwa Windows iliyomo, kisha kazi zigawanywe: kila kinachohitaji intaneti kifanyike upande wa Linux, na Windows ibakizwe, bila mtandao, kwa programu chache zisizopatikana kwingine.

Wengi wanaposikia habari ya mifumo miwili hudhani mashine kongwe inabebeshwa mzigo maradufu. Sivyo inavyofanya kazi. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB huleta orodha, mtumiaji huchagua mfumo anaoutaka, na mfumo huo huchukua prosesa na RAM yote. Ule mwingine unakuwa umelala kwenye diski. Hii ni tofauti na kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine kwa wakati uleule, jambo linaloielemea mashine yenye RAM ya GB 4. Linux Mint, kwa mfano, ambayo ni mojawapo ya aina za Linux, inaweza kuendeshwa kwa RAM ya GB 2, ingawa watengenezaji wake wanashauri GB 4. Nafasi inayohitajika kwenye diski ni GB 20, na wanashauri GB 100. Diski ya GB 500 inazimudu pande zote mbili. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litapata masasisho hadi mwaka 2029. Gharama nazo ni ndogo: faili la kusakinishia lina takriban GB 3, flashi ya GB 8 inalitosha, na leseni yake inaruhusu kunakiliwa. Shule ikishalipakua mara moja inaweza kuliweka katika kompyuta zote za maabara bila kulipia leseni na bila kuvunja sheria.

Kuna watakaouliza: kama Linux ni nzuri hivyo, kwa nini Windows isifutwe kabisa? Jibu liko kwenye kazi za watu. Mhasibu ana programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, mchora ramani ana AutoCAD, na karani ana majedwali ya Excel yenye makro ambazo LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika upande wa Linux, inaweza kushindwa kuziendesha sawasawa. Kumlazimisha mtu kama huyo ahame kwa siku moja ni kumfanya aichukie Linux kabla hajaijua. Wengine watasema ni afadhali kubaki na Windows tu. Masasisho ya nyongeza ya Windows 10 yapo, lakini ni ya muda. Wapo pia mafundi wanaoruka masharti na kuisakinisha Windows 11 kwa nguvu, ilhali Microsoft yenyewe imesema mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Anayefanya miamala ya benki kwa mfumo usiozibwa matundu anaweka fedha zake hatarini. Hata Windows iliyokatwa mtandao inaweza kuambukizwa virusi kupitia flashi, kwa hiyo kila flashi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hofu ya kupoteza mafaili, na hofu hiyo ina msingi. Kugusa mgawanyo wa diski bila kuwa na nakala ya mafaili mahali pengine ni kucheza pata potea. Lakini hatua za tahadhari zinajulikana. Kwanza nakili mafaili yote kwenye diski ya nje. Kisha washa kompyuta kwa ile flashi na uijaribu Linux bila kusakinisha chochote, uone kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Nafasi ya Linux itengwe kwa kutumia zana ya diski iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Uzimwe pia utaratibu wa Windows wa kuwaka haraka, kwa sababu unaiacha ikiwa imezimwa nusu, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo inaweza kukuruhusu kusoma mafaili tu bila kuyabadilisha. Hata saa ina siri yake: Linux kwa kawaida huihifadhi kwenye mashine kwa majira ya dunia, wakati Windows huisoma kama majira ya mahali ulipo. Ndiyo maana Dar es Salaam au Nairobi ikiwa saa sita mchana, Windows inaweza kukuonyesha saa tatu asubuhi. Dawa yake ni amri ya mstari mmoja upande wa Linux. Fundi mwangalifu anaimaliza kazi yote hii kwa siku moja.

Si kila mashine inafaa kuokolewa. Yenye RAM ya GB 1 au diski inayokaribia kufa haistahili kusumbukiwa. Lakini iliyo nzima kuitupa ni hasara, tena si ya mwenyewe peke yake. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kuweka mifumo miwili kama vinavyowafundisha kubadilisha RAM, na wakuu wa shule na ofisi wadai jaribio la flashi kabla ya kusaini ununuzi wa kompyuta mpya. Maisha ya kompyuta yapimwe kwa kazi inayoweza kuifanya kwa usalama, si kwa kalenda ya aliyeiuza programu.